Pesa tunatuma kwa simu, kwa nini kura tusipige kwa mashine?

Uchaguzi ukikaribia, swali hili halikosekani kwenye vijiwe vya kahawa vya Kirumba, Mwanza. Mchuuzi wa dagaa pale mwaloni anamlipa mvuvi aliyeko kisiwa cha Ukara kwa simu na hela inafika papo hapo. Iweje kura bado tuweke alama kwa kalamu, halafu watu wakeshe wakihesabu?

Chanzo ni siri ya kura. Ukituma pesa unaletewa ujumbe wenye jina la aliyepokea na kiasi, na muamala ukipotea unao ushahidi wa kulalamikia. Kura haiwezi kukupa ujumbe wa namna hiyo, maana ungekuwa risiti ya kumwonyesha aliyekuhonga. Kwa hiyo mashine ikikosea, au ikichezewa, mpiga kura hana pa kushika.

Kwenye karatasi pengo hilo linazibwa na macho ya watu. Chukua kituo kilichoko darasani, shule ya msingi huko Ukerewe. Saa kumi jioni upigaji kura unafungwa. Sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala wa vyama, kura zinainuliwa na kusomwa, kila wakala akipiga mistari kwenye daftari lake. Yenye alama ya kutatanisha inabishaniwa hapo hapo. Mwishoni wanatia saini fomu ya matokeo, na nakala inabandikwa kituoni. Wakala hahitaji kuwa mhandisi. Ajue kusoma tu, na asisinzie. Mashine inayaficha yote hayo ndani ya boksi na kutoa jumla.

Ndiyo maana makubaliano hutangulia ununuzi: nani akague programu, nani atunze mashine, karatasi ipi ibaki ya kuhesabiwa upya. Na wa kuridhishwa zaidi ni chama kinachohofia kushindwa, kwani mshindi hajawahi kulalamikia mashine.

Ireland ilienda kinyumenyume. Ilijaribu mashine katika majimbo 3 mwaka 2002, ikaendelea kununua hadi zikafika kama 7,500 huku upinzani ukigoma. Tume huru ya kuzikagua iliundwa mwaka 2004, uchaguzi ukiwa mlangoni, ikasema haiwezi kuzipendekeza. Zikalala maghalani hadi 2012, zikauzwa kwa wachakataji wa vyuma kwa takriban euro 70,000. Zilikuwa zimekula zaidi ya euro milioni 50.

Ujerumani ilizuiwa na Mahakama yake ya Katiba mwaka 2009: raia wa kawaida lazima aweze kuhakiki hatua kuu za uchaguzi bila utaalamu maalumu. Namibia, ya kwanza Afrika kutumia mashine katika uchaguzi wa kitaifa, mwaka 2014, iliambiwa na Mahakama ya Juu mwaka 2020 kwamba mashine isiyoacha karatasi inakiuka katiba.

India imebaki na mashine, ila imeziongezea printa. Mpiga kura anaona kikaratasi nyuma ya kioo kwa sekunde 7 kabla hakijadondoka kwenye kisanduku, na vya vituo vichache vinavyochaguliwa kwa bahati nasibu huhesabiwa kwa mkono.

BVR, mashine ya kuandikisha wapiga kura tuliyoizoea Tanzania tangu uandikishaji wa 2015, ni kitu kingine: inachukua picha na alama za vidole, haihesabu kura. Hata hivyo daftari la awali la wapiga kura huwekwa wazi, na ukiona jina la mtu asiye na sifa, unaweza kumwekea pingamizi.