Kutokuwa na chama sio kukosa msimamo

Kuna hii imani ya siku nyingi eti League of Women Voters ya Marekani, yaani shirika la kiraia linalohamasisha watu kupiga kura, kwa vile halifungamani na chama chochote cha siasa, basi haitakiwi kuwa na msimamo wowote, na ikionekana bungeni inadai kitu watu wanasema hao ni watu wa chama cha Democratic tu wamejificha. Sivyo jamani. Hawampigii debe mgombea wala chama, lakini kwenye sera wanaongea, tena kwa sauti. Na msimamo hautoki kichwani kwa mwenyekiti, wanachama wanalisoma suala, wanalijadili kwenye matawi yao mpaka wakubaliane, ndo linakuwa msimamo rasmi wa kwenda nao kwa wabunge. Kazi kubwa iko kwenye mabunge ya majimbo, maana huko ndo zinatungwa sheria nyingi za kupiga kura na kwenye majimbo mengi wabunge haohao ndo wanachora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, kitu ambacho kinagusa vyama vyote viwili vikubwa, Democratic na Republican, kwahiyo leo watamkera huyu kesho yule. Na sio ya wanawake pekee, wanaume wanaruhusiwa uanachama tangu 1973.