Kondoo katika msitu wa saiprasi: lini waingie, lini watolewe

Kwenye nyanda za juu za Kenya, kuanzia Molo na Mau Narok hadi Kinangop, msitu wa kupandwa na malisho ya kondoo hutenganishwa na seng'enge tu, na pengine hata hiyo haipo. Huku saiprasi na misonobari imesimama kwa mistari. Kule ni nyasi ya kikuyu na kondoo wa Corriedale, Merino, Hampshire Down na machotara wao. Kiangazi cha Januari na Februari kikishakausha malisho, mchungaji huanza kutazama msituni, ambako bado kuna kijani. Je, kondoo huharibu miti? Inategemea miti yenyewe imefikia wapi.

Saiprasi ya mbao hupandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600 kwa hekta. Kwa miaka mitatu hivi ya mwanzo wakulima waliogawiwa vipande chini ya mpango wa serikali uitwao PELIS hulima viazi, karoti au njegere kati ya mistari, na palizi yao ndiyo inayookoa miche isisongwe na nyasi. Wakati huu kondoo asiingie, hata kwa saa moja. Akila kilele, mche haufi. Huchipua vilele viwili au vitatu vinavyoshindana, na miaka 25 baadaye gogo lina panda mahali palipotarajiwa ubao ulionyooka. Kwa kuwa hasara haionekani siku hiyo, wengi huona si kitu. Kwato nazo zina madhara yake: udongo ulioloa mvua ukikanyagwa hushikamana, maji hutuama juu, na mizizi michanga hukosa hewa.

Subirini vilele vipite mita 2, kimo ambacho kondoo hafikii. Msihesabu miaka, pimeni. Kateni fito ya mita 2 na mpite nayo katika mistari kadhaa, hasa mabondeni, kwa sababu baridi ya usiku hutuama huko na miti huchelewa. Ikiwa katika kila miti kumi zaidi ya mmoja uko chini ya fito, kipande hicho hakijawa tayari. Mbuzi tusimtaje kabisa hapa. Yeye husimama kwa miguu ya nyuma na kubambua gome, kwa hiyo fito haimhusu.

Halafu kuna kibali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kulisha mifugo katika msitu wa umma bila idhini ni kosa. Ulizeni kituo cha msitu kilicho karibu au chama cha wanajamii wa msitu, na mhakikishe mmeonyeshwa mipaka ya kipande chenyewe ardhini, kwa sababu mara nyingi kipande cha miche ya mwaka huu kiko ng'ambo ya njia tu.

Idadi ya kondoo isikadiriwe kwa macho. Tengenezeni fremu ya mbao ya mita 1 kwa 1, muitupe sehemu tano bila kuchagua, mkate nyasi iliyo ndani, muikaushe vizuri juani, kisha mpime. Wastani wa gramu kwa fremu ukizidishwa kwa 10 hutoa kilo kwa hekta. Tuseme mmepata gramu 120: hiyo ni kilo 1,200 za nyasi kavu. Nusu iachwe ardhini ili nyasi ichipue tena na udongo usibaki wazi, zibaki kilo 600. Kondoo wa kilo 50 hula kama kilo 1.5 hadi 2 kwa siku. Mkitumia 2, hekta hiyo inatosha kondoo 30 kwa siku kumi, halafu watoke. Wakikaa hadi siku ya kumi na tano ndipo mtaanza kuona magome yameguguniwa, na lawama itamwendea kondoo badala ya aliyemsahau. Jiwe la chumvi na maji viwekwe kwenye njia au uwazi, mbali na mashina, kwa sababu kondoo hukusanyika, hujikuna na kukanyaga pale vilipo.

Faida kwa msitu ipo. Nyasi iliyoliwa Desemba si kuni ya moto wa Februari. Lakini neema hii haidumu, maana matawi yakishakutana, chini ya saiprasi hubaki takataka za majani na giza, na mwenye kulipia kibali hapo amelipia kivuli. Kupogoa husaidia kidogo. Tumieni msumeno wa kupogolea, mkate karibu na shina bila kuacha kisiki wala kujeruhi gome, na kila mti ubakiwe na angalau nusu ya kimo chake yenye matawi mabichi. Panga huchana gome na kufungua mlango wa uozo. Nyasi hurudi hasa baada ya upunguzaji wa kwanza, ambapo miti inayobaki ni zaidi kidogo ya nusu ya iliyopandwa. Matawi yaliyokatwa yapangwe mstari mmoja kati ya kila mistari kadhaa. Yakitapakaa, kondoo hawapiti na moto hupata daraja. Kwa wanaofuga kwa ajili ya sufu kuna jambo la ziada: vijiti na majani makavu hunasa kwenye manyoya na kushusha bei yake. Kateni sufu kwanza, ndipo muwapeleke msituni.

Kondoo aliyetoka kunyolewa, na mwana-kondoo aliyezaliwa usiku wa mvua na upepo, wanahitaji kinga zaidi ya nyasi. Mstari wa miti wenye kimo cha mita 10 hupunguza upepo hadi mita 100 na zaidi upande wa pili. Usiwe ukuta. Upepo ukizuiwa kabisa huruka juu na kuanguka kwa kishindo nyuma yake, kwa hiyo mistari miwili au mitatu inayopitisha karibu nusu ya upepo hufanya kazi bora. Chini isiachwe wazi, na lango lisikatwe katikati ya mstari, maana pengo hugeuka bomba la baridi. Kondoo wakilala hapo kila siku, matope na samadi huleta kuoza kwato, wahamisheni.

Ugonjwa unaowapoteza kondoo wengi pembezoni mwa misitu hii ni wa mnyoo bapa wa ini. Konokono wadogo wanaomlea huishi kwenye vinamasi na mitaro ya maji yaendayo polepole, na toka yai hadi hatua ya kuambukiza hupita miezi miwili au mitatu, zaidi kukiwa na baridi. Kiangazi kikija, ukingo wa kinamasi ndio pekee ulio kijani, na kondoo huenda kula palepale. Zungushieni ukingo huo seng'enge na mvute maji kwa bomba hadi kwenye hori. Dalili ni kukonda, uvimbe laini chini ya taya na kope za ndani zilizopauka. Mnyoo wa tumbo anyonyaye damu hupausha kope vilevile, kwa hiyo dawa ya tumbo isipoleta nafuu, pelekeni kinyesi maabara. Albendazoli huua minyoo ya ini iliyokomaa tu, na isipewe kondoo katika mwezi wa kwanza wa mimba. Triklabendazoli hufikia hata michanga. Mnaponywesha, kichwa kibaki sambamba na mgongo. Kikiinuliwa sana, dawa huingia mapafuni.

Na wapo wanaokonda katikati ya nyasi nzuri, bila mnyoo wowote. Udongo wa volkano wa upande wa Nakuru una upungufu wa kobalti, madini ambayo tumbo la kondoo hutumia kutengeneza vitamini B12. Wataalamu wa mifugo waliuita ugonjwa huo Nakuruitis. Tiba yake ni chumvi ya kulamba yenye kobalti. Someni lebo kabla ya kununua, kwa sababu chumvi ya ng'ombe mara nyingi ina shaba kiasi ambacho ini la kondoo haliwezi kukitoa. Shaba hujikusanya kwa wiki au miezi bila dalili, kisha kondoo anayeonekana mzima hukojoa mkojo mwekundu na kufa ndani ya siku chache.