Maana ya ethi, na kwa nini taa za breki za 4x4 ya zamani hukorofisha

Unakanyaga breki na indiketa inaacha kupepesa. Au taa ya breki ya kushoto inafifia mara tu unapowasha taa za usiku. Au, na hili huwachanganya wengi zaidi, unakanyaga pedali mchana kweupe na taa ndogo za dashibodi zinawaka hafifu ilhali hakuna aliyegusa swichi yake. Globu ni mpya, fyuzi ni nzima, swichi ya breki inafanya kazi. Kwenye 4x4 iliyokula miaka thelathini au arobaini, mahali pa kwanza pa kutazama ni ethi.

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri. Umeme haumwagiki ndani ya globu ukaishia hapo. Hutoka betri, hupita kwenye fyuzi na swichi ya breki, husafiri kwa waya mrefu hadi nyuma, hupenya uzi mwembamba wa globu, kisha ni lazima urudi ulikotoka. Njia ya kurudi ikikatika, taa haiwaki hata kama volti 12 kamili zimefika kwenye globu. Safari ya kwenda ina waya wake wenye rangi yake. Ya kurudi, kwenye magari mengi, ina kipande kifupi tu cha waya kinachofungwa kwa bolti kwenye bodi. Baada ya hapo umeme hupita kwenye chuma chenyewe cha gari mpaka kwenye waya mnene unaounganisha chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, na betri. Hivyo kila taa huhitaji waya mmoja mrefu badala ya miwili.

Jina lenyewe lina historia yake. Gari limekaa juu ya matairi ya mpira na umeme wake hauingii ardhini hata kidogo. Lakini mwaka 1838, huko Munich, Carl August von Steinheil alionyesha kwamba telegrafu inaweza kutumia waya mmoja tu, ardhi yenyewe ikarudisha umeme. Wazo la waya mmoja na njia ya kurudi inayotumiwa na wote lilibaki na jina la ardhi, na chesisi ya gari ikalirithi.

Ethi pia si lazima iwe upande hasi. Kwenye Land Rover za awali, Series I na Series II, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chesisi, na mabadiliko ya kuwa hasi yalikuja 1967 wakati wa Series IIA. Mengi yamegeuzwa na wenyewe tangu hapo, kwa hiyo usiamini kitabu cha gari pekee: fungua boneti, ufuate waya mnene unaoshuka kwenye chesisi, uone umetoka nguzo ipi ya betri. Hapa chini nitazungumzia ethi hasi, kwa kuwa ndiyo iliyoenea.

Sasa tuje kwenye zile dalili za ajabu, maana zinaeleweka vizuri kabisa ukijua umeme unatafuta nini. Globu ya nyuma ya magari mengi ya zamani ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 5 kwa taa ya usiku na wa wati 21 kwa breki. Kila uzi una mguso wake wa kuingizia umeme, lakini zote mbili hutoka kwa pamoja kupitia kikombe cha globu, yaani ganda lake la chuma. Kikombe hicho ndicho ethi yao. Kikipoteza mgusano na bodi, umeme wa breki hupita kwenye uzi wa wati 21, hufika kikombeni, hukuta mlango umefungwa. Hausimami. Hugeuka na kupanda kinyume kwenye uzi wa wati 5, huingia kwenye waya wa taa za usiku, na huko hukuta njia nyingi: taa ndogo ya upande wa pili, taa ya namba, taa za dashibodi. Zote hizo zina ethi nzima. Uzi wa globu ukiwa baridi ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme, ni mdogo sana kuliko ukiwa moto, kwa hiyo njia hizo za kando ni rahisi kupita. Ndiyo sababu dashibodi inawaka ukikanyaga breki. Taa ya dashibodi haina ubaya wowote. Imegeuzwa kuwa ethi ya taa ya breki.

Ethi iliyokatika kabisa ina nafuu moja, nayo ni kwamba kosa linaonekana. Ile iliyodhoofika ndiyo hatari zaidi, kwani taa inawaka na mwenye gari anaridhika. Chukua globu ya breki ya wati 21: kwa volti 12 inakula takriban ampea 1.75, na uzi wake ukiwa moto una ukinzani wa karibu omu 7. Weka kutu yenye omu 1 kwenye bolti ya ethi. Ikiwaka breki peke yake, kutu hiyo inameza kama volti 1.5. Washa na taa ya usiku na indiketa zinazotumia bolti ileile, na upotevu unakaribia volti 3. Uzi wa globu nao hausamehe: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Taa iliyoonekana nzuri mchana ikiwa peke yake inakuwa kaa la moto linalozimika usiku, mvua inanyesha, kila kitu kimewashwa. Na huo ndio wakati ambao dereva aliye nyuma yako anaihitaji zaidi, kwa kuwa hana njia nyingine ya kujua kwamba unasimama. Nikiona gari zito lenye taa hafifu namna hiyo barabarani huwa ninahofia watu waliomo ndani yake.

Kwa nini hasa 4x4? Taa zake za nyuma zimekaa pembeni kabisa, chini, mahali ambapo tairi hurusha tope na maji. Gari huvuka mito, na maji yakiingia ndani ya taa hayatoki upesi. Mtikisiko wa njia mbovu hulegeza bolti na kukata nyuzi za shaba moja moja palepale waya unapoingia kwenye kichwa chake, yaani kipande cha chuma cha kuufungia kwa bolti. Land Rover ina shida yake ya ziada: sehemu kubwa ya bodi ni alumini iliyofungwa juu ya chesisi ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, hasa wa chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Niliwahi kubadilisha globu tatu na swichi moja ya breki kwenye gari la aina hiyo kabla ya kufungua bolti ya ethi. Juu ilikuwa safi. Chini ya washa, ile pete ya chuma ya bolti, kulikuwa na huo unga, umejaa.

Gari lililotoka kupakwa rangi upya nalo huingia humu, kwa sababu rangi nzuri chini ya bolti ni kizuizi sawa na kutu.

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni waya mrefu. Funga ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, na ya pili iguse kikombe cha globu huku mtu akikanyaga pedali. Taa ikiruka kung'aa, umepata jibu. Uwe mwangalifu usiguse vile vidoto vya chini ya globu vinavyoingiza umeme, utapiga shoti. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, hutoa jibu la uhakika zaidi: iweke kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kikombe, nyingine kwenye nguzo hasi, breki, taa na indiketa zikiwa zimewashwa. Unapima volti zinazopotea njiani kurudi. Ikionyesha 0.1 au 0.2, ethi ni nzima. Ikipita 0.5, anza kufungua. Usipime kwa omu taa ikiwa imezimwa. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha karibu sifuri na kukudanganya, kwa sababu hauna mzigo. Umeme hupimwa ukiwa unafanya kazi.

Kwenye magari mengi ya Kiingereza ya zamani waya wa ethi ni mweusi, na wa taa za breki ni wa kijani wenye mstari wa zambarau. Toyota hutumia mweupe wenye mstari mweusi kwa ethi. Baada ya mafundi wengi kupita, rangi huwa si ushahidi tena, kwa hiyo fuata waya kwa mkono.

Ukarabati wenyewe ni mfupi. Fungua bolti, piga msasa mpaka metali ing'ae pande zote mbili, kata waya mpaka ufike kwenye shaba safi isiyo nyeusi, uminyie kichwa kipya kwa koleo lake, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu yake ili maji yasirudi. Mimi napendelea kuminya kuliko kulehemu kwa risasi. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzigandisha, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko utakapokata. Kama chesisi imeliwa na kutu au bodi ni alumini, usihangaike na bolti ya zamani. Vuta waya mpya wa milimita mraba 1.5 kutoka kila taa ya nyuma hadi sehemu moja imara ya chesisi, au moja kwa moja hadi betri ukitumia mnene zaidi.

Wengine hutatua kwa kuweka globu za LED. Hizo hula umeme kidogo sana, hivyo hung'aa hata kwenye ethi mbovu, na ubovu unaendelea kukua bila kuonekana mpaka siku mgusano unapokufa kabisa. Rekebisha ethi kwanza, ndipo ubadilishe globu ukitaka.

Ukimaliza, usijaribu taa moja moja. Washa taa za usiku, weka indiketa ya kushoto, mtu akanyage breki na asiachie, nawe usimame nyuma ya gari. Kisha ya kulia. Taa ya breki isipepese pamoja na indiketa, na dashibodi isibadilike pedali inapokanyagwa wala inapoachiwa.