Mapanki siyo mifupa uliyoiacha kwenye sahani

Juzi nimekaa kwa mama mmoja anauza chakula Kirumba, sio mbali na mwaloni, pale soko la samaki la ziwani, niko na shemeji yangu kaja kutoka Dar, mara yake ya kwanza Mwanza. Kaagiza sato mzima wa kukaanga na ugali, kamla vizuri kweli, mpaka macho kayanyonya, halafu kasukuma sahani mbele akamwambia dada anayehudumia, "mdogo wangu niondolee hizi mapanki." Yule dada akacheka tu akabeba. Mimi kwa sababu ya ugeni wake nikameza maneno, ila nilivyofika nyumbani nikaona hapana, hili naliandika.

Maana siyo yeye peke yake. Wiki hiyohiyo kuna mtu nilimsoma anaandika kwamba watu wa Mwanza wanakulaga mapanki "yaani samaki waliooza", mwingine akaja kumrekebisha kwa kujiamini kabisa kwamba panki ni aina ya samaki anapatikana Ziwa Victoria tu, kama furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Afu siku hizi hata binti akiwa mwembamba anaitwa panki. Sasa neno likishafika hapo limebaki na nini?

Haraka haraka basi. Panki ni sangara aliyeshatolewa minofu kiwandani: kichwa, uti wa mgongo na mkia, vikiwa bado vimeshikana, na vinyama vyake vidogo ambavyo kisu kimeviruka. Wingi wake mapanki. Na ni HAYA mapanki, siyo hizi mapanki, hilo nalo shemeji alinichoma.

Imeisha maana. Kinachonikera ni jina lilipotoka, kwa sababu mtu angejua lilipotoka asingeliweka kwenye sahani ya sato.

Wapo wanaokwambia ni Kisukuma cha zamani. Haiwezekani, na huhitaji kuwa msomi kujua. Kwanza sangara mwenyewe siyo mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akapandikizwa huko upande wa Uganda na Kenya, mbegu yake ikitoka ziwa Albert na Turkana, na huku kwetu kuvuliwa kwa wingi kumekuja baadaye sana, miaka ya 80. Pili, viwanda vya minofu Mwanza vimeanza mwanzoni mwa miaka ya 90. Kabla ya hapo nani alikuwa anatoa minofu? Fikiria bibi yako wa Ukerewe au Magu, anachukua samaki, anamtoa nyama safi pande zote mbili halafu anazipeleka wapi? Samaki nyumbani anakatwa vipande na mfupa wake, au anapikwa mzima kama ni mdogo, na mfupa ndo unaotoa ladha ya mchuzi. Kitu chenyewe hakikuwepo, jina lingetoka wapi.

Jina limetoka saluni. Panki ni mnyoo wa nywele, kila kinyozi anaujua, unanyoa pembeni kote unaacha katikati. Na mnyoo huo nao umepita njia ndefu, ni wale vijana wa muziki wa punk wa London miaka ya 1970, waliokuwa wanasimamisha nywele kama miiba ya nungunungu, ukasambaa dunia nzima mpaka ukabandikwa kwenye vile vibao vya saluni vya kuchora kwa mkono. Sasa jinsi ulivyohama kutoka kichwani kwa kijana mpaka kwenye samaki, hapo kuna kambi mbili, na nimeshasikia watu wazima wanagombana juu ya hili.

Kambi ya kwanza inasema ni ile miiba. Ukilitazama panki limelala kwenye kichanja, miiba ya mgongoni na ya tumboni imechomoza juu na chini, kama nywele zimepakwa jeli. Sawa, inaingia akilini. Kambi ya pili, na mimi niko huku, inasema ni ile kunyoa. Angalia mkataji anavyofanya. Anamlaza sangara, kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinazama mpaka kinagonga mfupa, halafu kinageuka kinatelezea uti wa mgongo kuelekea mkiani, upande mmoja umetoka mzima mzima kama godoro la mtoto. Anamgeuza. Upande wa pili vilevile. Dakika haijaisha. Kinachobaki kimenyolewa kushoto, kimenyolewa kulia, katikati kimeachwa msitari. Hiyo ni kazi ya kinyozi kabisa! Miiba kila samaki anayo, furu ana miiba, sato ana miiba tena ya kuchoma vidole, mbona hawakuitwa mapanki? Kwa hiyo kwangu mimi jina limetokana na kile kisu.

Na ndo maana nasema mifupa ya sato uliyoitafuna wewe haiwezi kuwa panki hata siku moja. Panki linatengenezwa kabla ya kupikwa, linauzwa, linanunuliwa, linakaangwa, linaliwa. Ni chakula kinachoingia sokoni. Kilichobaki kwenye sahani yako ni mifupa, au miiba ukipenda, na mteja wake ni paka.

Wenzetu wa Kisumu kitu hichohicho wanakiita mgongo wazi, kama gauni. Nadhani wao walitazama mgongo tu, sisi tukatazama na mbavu. Ziwa ni moja lakini majina kila mtu na yake, sangara wetu kwa Wakenya ni mbuta na kwa Waganda ni mputa, dagaa wetu ni omena kule na mukene kule, na kila mmoja anaona mwenzake ndo kakosea.

Sasa hilo la kuoza. Hilo najua limetoka wapi na silicheki. Mwaka 2004 ilitoka filamu moja ya Mzungu, ilipigwa hapahapa Mwanza, ikaonyesha mapanki yameanikwa nje, mengine na funza, na watu wanayafanyia kazi katikati ya moshi. Mwaka 2006 ikawa kelele nchi nzima, Rais Kikwete akailaumu hadharani kwenye hotuba, wabunge wakaongea, Mwanza watu wakaandamana kuipinga, na ubishi mkubwa ukawa kama mapanki yanaliwa na watu au ni ya kutengenezea chakula cha kuku. Jibu ni yote mawili na lilikuwa yote mawili tangu mwanzo, mengine yanaenda kusagwa yawe chakula cha mifugo, mengine yanaenda kwenye sufuria. Lakini kilichotokea ni kwamba mtu wa Mtwara au wa Iringa, ambaye sangara mwenyewe hajawahi kumuona, neno mapanki alilisikia mara ya kwanza mwaka huo, tena likiwa limeshikana na funza. Likamkaa hivyo. Kwake panki ni uozo, ni aibu ya Mwanza, wakati panki likitoka kiwandani asubuhi ni bichi kuliko samaki anaowala yeye waliosafiri siku mbili kwenye barafu. Likioza limeoza, kama nyama buchani inavyooza, lakini hatusemi nyama maana yake uozo.

Kuna na ule usemi wa mtaani kwamba Mzungu anakula nyama sisi tunaachiwa mifupa. Huo sina ugomvi nao sana, minofu kweli ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya na mapanki yalikuwa yanapanda mkokoteni kwenda uswahilini. Utani wa watu wa ziwani huwaga na ukweli ndani yake. Hata bibi yangu mimi alikufa hajawahi kumla sangara, alikuwa anasema samaki anayemeza wenzake na mdomo wazi namna ile ana roho mbaya na ukimla itakuingia, na sisi watoto tukikaribia maji jioni tunaambiwa sangara atakumeza na kaptula yako. Tulikuwa tunaamini kabisa. Sangara anafika karibu mita mbili na kilo 200, ukiwa na miaka sita hilo siyo la kubishana. Na kumeza wenzake hakusingiziwa, furu wa aina mamia waliisha mikononi mwake, yani mdomoni mwake, bibi aliliona hilo kwenye kapu lake la sokoni kabla wataalamu hawajaandika.

Nimetoka nje ya njia, narudi. Ukifika mwaloni kuna vitu vingine vitatu ambavyo wageni wanavirundika kwenye neno hilihili. Kayabo siyo mapanki. Kayabo ni sangara na nyama yake yote, kapasuliwa, katiwa chumvi nyingi, kakaushwa, na mzigo mkubwa unaenda Kongo. Mabondo ndo kabisa siyo mapanki, bondo ni lile pulizo la tumboni linalomsaidia samaki kuelea, limekaa kama puto jeupe, Wachina wanalitaka kwa supu na bei yake inaiacha nyama mbali, mtu akikwambia anafanya biashara ya mabondo usimhurumie. Na kichwa cha sangara kikiuzwa peke yake kinaitwa kichwa. Hakuna jina la ajabu hapo.

Kupika kwake nitasema kidogo tu. Mengi yanakaangwa kwanza, kwenye makarai makubwa, na mafuta hayaishi haraka kwa sababu sangara anatoa mafuta yake mwenyewe, ndo maana hata kumkausha juani tu ni kazi, wengi wanambanika. Ukishalinunua limekaangwa unalikata vipande viwili vitatu, nyanya, kitunguu, ndimu, unalichemsha na mchuzi mwingi. Nyama iko wapi? Iko shingoni, pale kisu kinapoingilia, mkataji anakuwaga na haraka anaacha. Iko kwenye mashavu, vipande viwili laini kama kidole gumba. Na iko kwenye mapezi ya kifuani. Anayekwambia panki halina nyama alikula mkiani.

Basi, kesho yake jioni nikampeleka shemeji kula panki lenyewe. Sikumwambia tunaenda kula nini. Mama akaleta bakuli, kichwa kimetokeza nje ya mchuzi, uti wa mgongo umekatwa mara mbili, pilipili pembeni. Shemeji akatazama akaniuliza, "hii nani kashaanza kuila?" Nikamwambia hajaila mtu shemeji, hili ndo panki, anza na shavu. Akaanza kwa kusita, akafika shingoni akanyamaza, nikajua tayari. Mama akamuongeza mchuzi bila kuombwa, akajibiwa "wabeja", yaani asante, neno pekee la Kisukuma ambalo nimeshamfundisha shemeji.

Alivyomaliza akanyanyua ule uti wa mgongo, umekwanguliwa mpaka unang'aa, akanionyesha.

"Kwa hiyo hili sasa ndo panki?"

"Hapana shemeji. Lilikuwa panki lilivyokuja. Hiyo sasa ni mifupa."