Kabla Hujatuma Hela ya Mtoto wa Pudeli

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, dada mmoja wa mtaa wa Forest alituletea kliniki mbwa wake wa miezi tisa. Alikuwa mdogo, rangi ya kahawia, chotara wa pudeli na mbwa mwingine ambaye hata aliyemuuza hakuweza kumtaja. Kwa mbali ungesema amenona. Nilipoingiza vidole kwenye manyoya, havikupita. Yalikuwa yameshikamana toka shingoni hadi mkiani, magumu kama pamba ya mto wa zamani. Tulimnyoa kwa zaidi ya saa moja, na manyoya yakawa yanatoka pande zima zima kama ngozi ya kondoo. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, yenye majimaji na harufu, na nyuma ya masikio kupe walioshiba damu walikuwa wamejipanga, wakubwa kama punje za maharage.

Dada yule alilia. Hakuwa mtesaji wa wanyama. Alikuwa anamwogesha kila Jumamosi. Hakuna aliyemwambia kwamba manyoya ya aina ile yakiloweshwa kabla ya kuchanwa, mafundo hukaza zaidi. Mimi ni daktari wa mifugo, na wanaoniletea mbwa wa namna hii wameongezeka. Wengi wanawapenda kweli, ila walinunua picha ya kwenye simu.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Pudeli ni mbwa wa zamani wa Ulaya aliyefugwa kuwasaidia wawindaji wa bata kuopoa ndege majini. Ana akili nyingi, anapenda watu, na manyoya yake yanakua bila kukoma kama nywele zetu, badala ya kupukutika kama ya mbwa wengine. Sifa hiyo ya kutopukutisha ndiyo iliyowafanya watu wamchanganye na mbwa wengine. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza wasioona, alipata ombi la mbwa wa kuongoza kutoka kwa mama mmoja wa Hawaii asiyeona, ambaye mume wake alikuwa na mzio wa mbwa. Conron akampandisha mbwa wa aina ya labradori na pudeli mkubwa. Walizaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa Hawaii yajaribiwe kwa yule mume, na ni mtoto mmoja tu ambaye hakumletea shida. Miaka mingi baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha, kwa sababu watu waliuchukua mchanganyiko ule na kuuzalisha kiholela kwa ajili ya pesa.

Hesabu hiyo ya mmoja kati ya watatu naomba uishike. Leo kuna machotara wa pudeli wanaoitwa labradudeli, goldendudeli, kokapuu, kavapuu, maltipuu, na majina mengine yanazaliwa kila siku. Jina linakuambia wazazi ni nani, basi. Halikuambii mtoto amechukua nini kwa nani.

Mkulima wa Mbozi au Ismani atanielewa haraka. Ukinunua mbegu chotara ya mahindi dukani, shamba linaota sawasawa, kwa sababu koo za wazazi wake zilisafishwa kwa miaka mingi mpaka kila moja ikazaa mahindi ya kufanana. Ukihifadhi mahindi yale yale uyapande msimu unaofuata, shamba linakuwa na marefu na mafupi, gunzi nene na gunzi nyembamba. Kwa mbwa mambo huanza kutawanyika mapema zaidi, kwa maana wazazi wenyewe hawakusafishwa kiasi hicho. Tumbo moja linaweza kutoa mtoto mwenye manyoya ya kujiviringa, mwenye mawimbi, na mwingine wa manyoya yaliyonyooka anayeyaacha kwenye kochi kama mbwa yeyote. Muuzaji akikuhakikishia kwamba wote sita hawatapukutisha, anakuahidi kitu asichoweza kukijua.

Nasema hivi hasa kwa familia zenye mtoto mwenye pumu au mzio. Kinachomsumbua mgonjwa kwa sehemu kubwa siyo unywele wenyewe. Ni protini zilizomo kwenye mate, mba na mkojo wa mbwa, na kila mbwa anazo. Watafiti waliopima vumbi la majumbani hawakukuta kwamba nyumba zenye mbwa wanaoitwa salama kwa mzio zilikuwa na kiasi kidogo kuliko nyumba nyingine. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mpeleke mwanao akakae na mbwa yule yule, au angalau wazazi wake, saa moja au mbili, na urudie siku nyingine. Kama muuzaji hakubali, acha.

Ukubwa nao unawaponza watu. Pudeli yupo wa aina kadhaa: mdogo kabisa hafiki sentimita 30 mabegani, mkubwa anavuka 45 na kufika kilo 20 na kitu. Mtoto wa wiki nane wa pudeli mkubwa na labradori anakaa vizuri tu mapajani. Baada ya mwaka anakuwa mbwa wa kilo 25 anayetaka kukimbia asubuhi na jioni. Uliza ni pudeli wa ukubwa gani aliyetumika, na usikubali jibu la "wa kawaida".

Sasa nirudi kwenye manyoya, maana hapo ndipo wengi wanapokwama, na hali ya hewa yetu haisaidii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; Njombe wako juu zaidi. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na matope yake mnayajua. Mbwa wa manyoya mafupi akiloa anajikung'uta na kukauka. Chotara wa pudeli anabaki amelowa kama sufu, matope yanakaukia kwenye nyayo na tumboni, na kesho yake kuna mafundo. Baridi ya Juni na Julai inamfanya mwenye mbwa aogope kumnyoa, akisema ataumwa, na manyoya yanazidi kufungana. Mbwa mwenye mafundo hapati joto lolote la maana: manyoya yaliyoshikana hayana hewa ndani, na unyevu unabaki umeganda kwenye ngozi.

Kinachohitajika ni kumchana kila siku, au usizidishe siku mbili, kwa brashi ya waya halafu chanuo la chuma. Gawanya manyoya kwa vidole mpaka uone ngozi, uchane kuanzia kwenye shina. Ukipitisha brashi juu juu, nje atang'aa na ndani ataendelea kufungana. Sehemu zinazosahaulika ni nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia, na pale mkanda wa shingo unapokaa. Kila wiki sita hadi nane anyolewe. Hivyo kabla ya kumnunua jiulize nani atamnyoa, wapi, na kwa shilingi ngapi, kisha zidisha kwa miaka 12 au 14, kwa kuwa ndiyo umri ambao wengi wao wanafikia. Masikio yake yanaangukia chini na kuota manyoya ndani, kwa hiyo yanashika unyevu na kuoza upesi. Yanuse kila wiki. Sikio lenye afya halinuki.

Kuhusu magonjwa ya kurithi, msiamini maneno kwamba chotara haumwi. Anayepandisha mbwa wawili wenye kasoro anaweza kupata mtoto mwenye kasoro, awe chotara au asiwe. Pudeli wadogo wana tatizo la pia ya goti kuchomoka, na kuna ugonjwa wa macho unaowapofusha taratibu. Wakubwa, labradori na goldeni (mzazi wa goldendudeli), wana nyonga zisizokaa vizuri. Kavalia, mzazi wa kavapuu, ana udhaifu wa moyo unaojulikana dunia nzima. Huenda vipimo vya vinasaba huwezi kuvipata hapa kirahisi, lakini macho unayo. Omba kumwona mama akitembea na kukimbia. Angalia kama anachechemea, kama anajigonga kwenye vitu jioni, kama anakohoa. Uliza umri wake na amezaa mara ngapi.

Usipoonyeshwa mama, hapo biashara iishie. Najua wengi wetu tunanunua kutoka Dar es Salaam au Arusha kwa simu. Unatumiwa picha, unaambiwa utume nusu na ya kutolea, halafu hela ya boksi, halafu hela ya cheti, na mbwa hayupo. Omba upigiwe kwa video, mtoto akiwa ananyonya kwa mama yake, muda huo huo. Usimchukue kabla ya wiki nane. Aliyetolewa mapema hakufundishwa na ndugu zake kwamba meno yanauma, na atakuja kujifunzia kwa wanao. Anayevushwa mpakani Tunduma bila cheti cha afya na kibali cha kumwingiza nchini usimguse. Kadi ya chanjo iwe na tarehe, stika ya chupa ya dawa, na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Kadi yenye tiki tupu ni karatasi.

Chanjo za parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Parvo inaua mtoto wa mbwa ndani ya siku chache kwa kutapika na kuharisha damu, na kirusi chake kinakaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo uani ambapo mbwa mwingine alikufa hivyo usimweke mgeni. Kichaa cha mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hili halina mjadala, awe chotara wa gharama au mbwa wa kienyeji. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aking'atwa mtu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, ndipo mkimbie hospitali kupata chanjo.

Naomba pia mnisikilize kuhusu dawa za ng'ombe. Kila mwaka tunapokea mbwa waliopakwa dawa ya josho kwa kukisia kipimo, wakiwa wanatetemeka na kutoa mapovu. Chotara wa pudeli yuko kwenye hatari zaidi kwa kuwa manyoya yake yanashika dawa na yeye anajilamba. Na kama mzazi mmoja ni mbwa wa kuchungia wa jamii ya koli au Australian Shepherd, ivermektini ya ng'ombe, ile ambayo watu wanachoma kwa minyoo na upele, inaweza kumuua, kwani baadhi yao wamezaliwa bila kinga ya kuizuia isiingie kwenye ubongo.

Chakula ni hivyo hivyo. Ugali wa dona na dagaa si vibaya kama una protini ya kutosha, ila pumba na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na ini la mbwa haliivumilii. Mabaki ya mchuzi yana vitunguu, navyo vinaharibu damu yake. Kwetu Rungwe na Njombe kwenye maparachichi mengi, okoteni kokwa: nimeshatoa moja kwenye utumbo wa mbwa kwa kisu.

Na kama unatafuta mlinzi wa geti, tafuta mbwa mwingine. Huyu atamkaribisha mwizi. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa atabweka, atajitafuna miguu na kuharibika akili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakutaka umpe malazi, maji, chakula na tiba. Mbwa huyu anahitaji zaidi ya hapo, anahitaji mtu nyumbani.

Ukishajipima na kuona unaweza, siku ya kwenda kumchagua nenda asubuhi. Shika tumbo lake: likiwa limevimba kama ngoma huku mbavu zinaonekana, ana minyoo. Inua mdomo uone ufizi. Uwe wa waridi. Akisafiri kwa basi, asishushwe chini stendi hata kukojoa, weka magazeti kwenye boksi lake. Nyumbani, mpaka chanjo zikamilike, asikanyage barabarani. Lakini usimfungie ndani pia, kwa sababu wiki hizo ndizo anazojifunza nini cha kuogopa. Mbebe kwenye kanga, upite naye sokoni Mwanjelwa taratibu, asikie bodaboda na spika za wauza mitumba, na ukifika nyumbani mkalishe mapajani, umchane dakika tano.