Amplifaya na Sabufa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sabufa, yaani spika ya besi, ikiungua hutambulika kwa pua kabla ya kutambulika kwa mita. Ukiinamia tundu la kasha lake utakutana na harufu ya vanishi iliyochomeka, na ukiisukuma koni, ule uso unaotetemeka, taratibu kwa vidole vya mikono miwili utasikia mkwaruzo wa koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, iliyovimba ikisugua ndani ya sumaku. Katika miaka yangu ya kufunga muziki kwenye kumbi za harusi na sendofu sijawahi kuwakosa wenye maelezo: mmoja husema amplifaya ilikuwa kubwa mno, mwingine husema ilikuwa ndogo mno, na wa tatu humlaumu DJ. Wote huzungumzia wati, ilhali sabufa huuawa na mambo mawili tu, joto la koili na mwendo wa koni uliopita kiasi.

"Nobu nimeiweka nusu, kwa hiyo amplifaya inatoa nusu ya nguvu."

Hii ndiyo dhana ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayoleta hasara kubwa, kwa kuwa humpa mtu utulivu asiostahili kuwa nao. Nobu iliyo usoni mwa amplifaya haipimi nguvu inayotoka, bali hupunguza tu mawimbi yanayoingia kutoka kwenye miksa au krosova (kifaa kinachotenganisha besi na sauti nyingine). Chukua amplifaya kubwa inayoongeza volti mara 40, kipimo ambacho vitabu vyake hukiandika kuwa desibeli 32, ikiendesha sabufa ya omu 8 (kipimo cha jinsi inavyoukinza umeme) inayostahimili wati 500 mfululizo. Wati 500 katika omu 8 ni volti 63, na nobu ikiwa imefunguliwa yote, miksa inatakiwa itoe volti 1.6 tu ili kuzipata. Ukiizungusha nobu mpaka ibakishe robo ya volti zinazoingia, miksa itatakiwa itoe volti 6.3, na miksa nyingi za kazi zinaweza kutoa kati ya 8 na 10. DJ atakapoona mdundo umefifia ataongeza upande wake, na sabufa itapokea volti zilezile 63, au zaidi.

Kinachoilinda sabufa ni limita, yaani kizuizi kisichoruhusu mawimbi yapite kiwango ulichokipanga, na limita haipangwi kwa kukisia. Chomoa waya zote za spika, cheza mlio mmoja wa hezi 50 au 60, kwa kuwa hata mita ya bei ndogo husoma vizuri masafa hayo ya umeme wa nyumbani, kisha weka ncha za mita, ikiwa upande wa AC, kwenye matokeo ya amplifaya. Ongeza sauti taratibu mpaka mita isome 63, halafu shusha kizingiti cha limita mpaka usomaji ukatae kupanda hata miksa ikiongezwa. Kwa sabufa nyingine, zidisha wati kwa omu, kisha utafute kipeuo cha pili. Ncha hizo zisiguswe kwa mkono mtupu, maana volti za amplifaya kubwa zinatosha kumdhuru mtu. Tena, limita inayozuia vilele peke yake haizuii joto la muda mrefu, kwa hiyo krosova ikiwa na limita ya pili inayojibu polepole, kwa sekunde kadhaa, nayo ipangwe chini zaidi.

"Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika," na ndugu yake, "Amplifaya ndogo ndiyo inayounguza."

Kauli hizi mbili hupingana, na bado nimezisikia kutoka kinywani mwa mtu mmoja, siku moja. Ukweli unapatikana kwa kufuata joto. Muziki wa kawaida una vilele virefu na wastani mdogo: amplifaya ya wati 300, ikipiga wimbo ambao vilele vyake viko desibeli 12 juu ya wastani, na taa nyekundu, ile inayoonya kwamba amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake, ikiwa ndiyo kwanza inagusagusa, hutoa wastani wa wati 40 hivi. Ukiisukuma zaidi, vichwa vya mawimbi hukatwa lakini wastani huendelea kupanda, na mawimbi yakishakuwa bapa kabisa juu na chini, amplifaya hiyohiyo huweza kukaribia wati 600, mara mbili ya kilichoandikwa. Sabufa ya wati 300 haitafika mwisho wa sherehe. Ya wati 1,000 itapiga vibaya, kwa sauti iliyopasuka, lakini haitaungua. Udogo wa amplifaya si hatari wala si kinga. Kinachohesabiwa ni joto ambalo koili inalipokea kwa dakika nyingi mfululizo. Ndiyo maana singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na rekodi zilizobanwa mpaka hazina tena bonde wala kilima, huichosha koili kuliko taarabu iliyopigwa kwa sauti ileile.

Wengine husema kwamba mawimbi yaliyokatwa vichwa hugeuka kuwa umeme wa betri. Si kweli. Umeme wa namna hiyo hufika kwenye spika pale transista za mwisho za amplifaya zinapopasuka, na dalili yake haifichiki: koni husukumwa upande mmoja na kubaki hapohapo, kimya, mpaka moshi utoke.

Hata sabufa isiyoungua hulipa gharama ya joto. Asilimia chache tu ya umeme unaoingia ndiyo inayokuwa sauti, na nyingine yote hubaki kwenye koili kama joto. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo koili iliyopanda nyuzi 200 huwa na ukinzani unaokaribia mara 1.8 ya ule iliyoanza nao. Mdundo wa saa sita usiku hupungua kwa sababu hiyo, na anayeongeza nobu ili kuufidia huongeza kuni kwenye moto.

"Kasha limeandikwa wati 2,000."

Limeandikwa na nani, na kwa kipimo gani? Namba ya kufanyia kazi ni ile ya nguvu mfululizo, ambayo mara nyingi huandikwa RMS au AES. Ile ya programu, yaani ya muziki, huwa mara mbili yake na ya vilele mara nne, hivyo wati 2,000 za vilele ni wati 500 za kweli. Namba ya PMPO, ile inayoandikwa kwenye redio za dukani, haina kanuni yoyote na haifai hata kutajwa. Pia ikumbukwe kwamba kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 pekee, tofauti ambayo wageni ukumbini huenda wasiitambue.

"Nikiunganisha kwa briji napata nguvu mara mbili."

Hapa hesabu inafaa ifanywe polepole, kwa sababu amplifaya nyingi zimefia hapa. Kwa briji, yaani chaneli mbili za amplifaya zikiunganishwa ziendeshe mzigo mmoja, kila chaneli huona nusu ya omu zilizounganishwa. Kama amplifaya inatoa wati 500 kwa kila chaneli katika omu 4, basi kwa briji itatoa wati 1,000 katika omu 8, si katika omu 4. Sasa chukua sabufa nne za omu 8. Ukizifunga mbilimbili sambamba (chanya zote pamoja na hasi zote pamoja), kila chaneli inaona omu 4, inatoa wati 500, na kila sabufa inapata 250. Ukizifunga mbilimbili kwa mfululizo (umeme ukipita moja kisha nyingine), kisha jozi hizo mbili sambamba, unapata omu 8. Kwa briji zinatoka wati 1,000, na kila sabufa inapata 250. Umehangaika na waya ili ufike palepale. Mwenye haraka huzifunga zote nne sambamba kwenye briji, jumla ikawa omu 2, na kila chaneli ikajikuta inabeba omu 1. Amplifaya nzuri itajizima. Nyingine niliyowahi kuishuhudia haikujizima, na bwana harusi aliingia ukumbini kwa makofi matupu.

Usishtuke mita ikisoma omu 5.6 au 6 kwenye sabufa ya omu 8, kwani mita hupima ukinzani wa waya wa koili tu na spika iko sawa. Ikisoma bila mwisho, koili imekatika.

"Nikiondoa kikomo cha chini, besi itashuka zaidi."

Itashuka koni. Kikomo cha chini ni kichujio kinachokata masafa ya chini mno. Kasha lenye tundu lililopimwa kwa hezi 40 huishikilia koni karibu na masafa hayo, lakini chini yake hewa hutoka na kuingia tunduni bila kuizuia, na koni hurukaruka kana kwamba haina kasha, ikipiga hatua ndefu zisizotoa sauti ya maana. Weka kikomo cha chini karibu na hezi 35, cha mteremko wa desibeli 24 kwa okteva (kila masafa yanaposhuka nusu), na nguvu iliyokuwa ikipotea itarudi kwenye besi inayosikika.

Kuhusu waya, unene ni muhimu kuliko jina la kiwanda: waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, wenye urefu wa mita 20, humnyima mwenye mzigo wa omu 4 theluthi moja ya nguvu, wakati wa milimita 2.5 humnyima asilimia 12 hivi. Na ekstensheni ya kuzungushwa ifunguliwe yote kabla ya kuwashwa, kwa sababu ikiwa bado kwenye roli yake hupata joto mpaka plastiki ilainike.

"Sabufa moja kila pembe ya jukwaa, mdundo utaenea."

Wimbi la hezi 60 lina urefu wa karibu mita 5.8. Kiti kilicho karibu na sabufa moja kuliko nyingine kwa mita 2.9 hupokea mawimbi mawili yanayofutana, na aliyekaa hapo huona besi imehama. Sabufa mbili zilizobanana katikati, mbele ya jukwaa, husaidiana badala ya kufutana, mradi zote zisukume hewa upande mmoja kwa wakati mmoja. Jambo hilo hukaguliwa kwa betri ya tochi ya volti 1.5: gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye waya wa kila kasha, kwa sekunde moja tu, na utazame koni. Inayotoka nje imefungwa sawasawa, na inayoingia ndani igeuziwe waya kabla wageni hawajafika.