Msimamo wa haki, bili ya nani?

Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga, 35 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa kwenye hizo 35 pamoja na Uganda na Burundi. Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Hapa Tanga, kijiweni kwetu Ngamiani, habari hiyo ilizua ubishi wa jioni nzima. Kuna waliosema tumekosa utu. Kuna waliojibu kwamba utu haujazi tangi la bodaboda.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha, na kabla ya hapo nilisomea uchumi wa biashara ya kimataifa. Kwa hiyo nina ugonjwa wa kuuliza bili inakwenda kwa nani. Nikiusikiliza ule ubishi, naona pande zote mbili zilikubaliana jambo moja bila kujua: kwamba haki inakaa upande huu na uchumi upande ule, ukiongeza hapa unapunguza pale. Mambo hayaendi hivyo. Kura ya Baraza Kuu haimfungi mtu kisheria. Ukisema ndiyo hulazimiki kuacha kununua chochote kwa yeyote. Kenya ilisema ndiyo na ngano ya Urusi ikaendelea kuingia Mombasa. Mwaka 2023 Warusi wakaipa Kenya tani zipatazo 34,000 za mbolea ya msaada.

Sisi tusioegemea upande tulipona nini? Mafuta yana bei ya dunia, hayaulizi ulipigaje kura. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta yanayoshushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na katikati ya mwaka 2022 bango la kituo chochote cha mafuta hapa mjini lilikuwa linatisha kulitazama. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni ili bei ipungue. Bili ilikuja vilevile. Huwezi basi kuitetea kura ile kwa hoja ya tumbo. Tafuta hoja nyingine, na zipo, kama vile siasa yetu ya miaka mingi ya kutofungamana na upande wowote. Ila na wale waliosema ndiyo wasijivune sana. Msimamo usiokugharimu chochote hauonyeshi mengi kuhusu uliye nao.

Msimamo unaogharimu tunao kwenye historia yetu wenyewe, na ninashangaa vijana wengi hawaujui. Novemba 11, 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alijitangazia uhuru wa walowezi wachache Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakasema Uingereza isipouzima uasi huo ifikapo Desemba 15, nchi wanachama zivunje nayo uhusiano wa kibalozi. Siku ilipofika, nyingi zilitazama pembeni. Tanzania ilivunja. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa. Na hiyo ilikuwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Mwanzoni mwa 1965 Ujerumani Magharibi ilikuwa imeondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar, na Mwalimu Nyerere akawajibu kwamba kama msaada ni kamba ya kutuvutia, wachukue na uliobaki.

Sasa litazame hilo ukiwa Tanga. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, nyingi kutoka mkoa huu, na mkonge ndio ulikuwa ukileta fedha za kigeni kuliko zao lolote. Mara tu baada ya hapo bei ikaanza kuporomoka, kamba za nailoni zikiingia kwenye soko la wakulima wa Ulaya na Marekani. Yaani serikali ilikubali kuzikosa pauni za Waingereza wakati kapu lake lenyewe limetoboka. Mwanauchumi wa kawaida angesema huo ni wazimu. Mimi nasema ilikuwa hesabu iliyojulikana na aliyeifanya: aliyechukua msimamo ndiye aliyelipa, na alijua atalipa.

Hata hivyo aliyelipa zaidi hakuwa sisi. Alikuwa Zambia. Mafuta yake yalikuwa yakipitia Rhodesia, na vikwazo vya mafuta dhidi ya Rhodesia vilipoanza, Smith naye akaikatia Zambia. Ikabidi mapipa yapakiwe kwenye malori Dar es Salaam, yapande mlima wa Kitonga, yapite njia ambayo madereva walizika wenzao. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa Wachina usio na riba kuanzia 1970. Na wakati Zambia inabeba petroli kwa mapipa, Bunge la Marekani mwaka 1971 lilipitisha kifungu kilichoruhusu kromu ya Rhodesia iingie Marekani, ingawa Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha piga marufuku. Viwanda vya chuma vilihitaji kromu, basi. Smith alidumu hadi 1979.

Jambo la kubeba hapo ni kwamba vikwazo huvujia kwa mwenye nguvu na kumkaba jirani. Nikisikia mwanasiasa wa nchi tajiri akisema "dunia nzima lazima ishikamane", huwa nataka kuona kwanza jedwali lake la bidhaa alizozisamehe.

Kuna kisa kingine ambacho hatupendi kukisimulia, kwa sababu safari hiyo mwenye nguvu tulikuwa sisi. Julai 25, 1996, Pierre Buyoya alitwaa madaraka Burundi kwa mapinduzi. Siku sita baadaye viongozi wa ukanda wetu walikutana Arusha wakaamua kuifungia Burundi biashara. Nchi ile haina bahari. Mizigo yake mingi ilipita Dar es Salaam na Kigoma. Kwa karatasi, kikwazo kilikuwa kizuri kuliko vyote: majirani wenyewe ndio waliokiweka, kwa ajili ya demokrasia, na mpatanishi alikuwa Mwalimu. Lakini aliyepandishiwa bei ya petroli, chumvi na mbolea alikuwa mwananchi, Mhutu kwa Mtutsi. Mwenye cheo alipata njia zake, na mvushaji wa magendo akajenga ghorofa. Chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo viliruhusiwa kwa upana mwezi Aprili 1997, karibu miezi tisa baadaye. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999, Buyoya akiwa bado Ikulu.

Sikatai kwamba vilimsukuma. Alirudisha bunge na vyama mapema, na mwaka 2000 alitia saini makubaliano ya Arusha. Lakini ukiniuliza kama tulikuwa na haki ya kuchukua miezi tisa ya mbolea ya mkulima wa Ruyigi tukailipia msimamo wetu, jibu langu ni hapana. Wa 1965 walitoa cha kwao. Wa 1996 walitoa cha wenzao.

Sasa niingie kwenye fani yangu kidogo, maana wengi hudhani vikwazo hufanya kazi getini bandarini, askari akizuia kontena. Getini ni mara chache. Kazi hufanywa na benki na kampuni ya bima. Muuzaji wa mkonge wa hapa akilipwa kwa dola, fedha hiyo hupita kwenye benki ya Marekani, kwa kawaida New York, hata kama mnunuzi yuko Uarabuni na benki yake iko hukohuko. Benki hiyo ya katikati ina mashine inayolinganisha kila jina na orodha ya waliowekewa vikwazo. Mteja wangu mmoja alikuwa ameshapakia marobota ya singa za mkonge, meli imeondoka, na malipo yakagota. Kisa? Majina mawili ya mnunuzi yalifanana na ya mtu aliye kwenye orodha. Majina yenyewe ni ya aina ambayo ukiita msikitini Ijumaa wataitika safu nzima. Zikatakiwa nakala ya pasipoti, mahali alipozaliwa, hati ya usajili wa kampuni, historia ya bandari ambazo meli ilipita. Hakuna aliyekuwa mkosaji, na mwisho fedha ilifika. Katikati hapo wakata mkonge walikuwa wanadai mishahara yao, na hakuna aliyewaeleza kwamba wamo kwenye vita vya mtu.

Bima ni hivyohivyo. Meli nyingi kubwa za dunia zina bima ya dhima kwenye vyama vichache vyenye mizizi London na Ulaya Kaskazini. Ndiyo maana nchi tajiri za kundi la G7 zilipoweka kikomo cha dola 60 kwa pipa la mafuta ya Urusi, Desemba 2022, hazikuhitaji manowari. Zilisema tu kwamba anayebeba kwa bei ya juu ya hapo hapati bima wala huduma zao. Nakiri ulikuwa ubunifu. Lengo lilikuwa mafuta yaendelee kutoka ili bei isipande kwa kina sisi, na Moscow ipate kidogo. Urusi ikajibu kwa kukusanya meli kuukuu zenye bima za kubabaisha, na ikiwa moja itapasuka kwenye pwani ya watu, sijui nani ataosha samaki.

Haya nayaandika kwa sababu zamu inaweza kuturudia. Januari 2025 waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, waliiteka Goma, mashariki mwa Kongo. Februari 8 viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam. Marekani ikamwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, na mwezi Machi Umoja wa Ulaya ukakiwekea kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo cha Kigali. Hapa mjini nimesikia watu, tena wasomi, wakisema sisi tufunge tu njia ya mizigo ya Rwanda, yaishe. Hapo ndipo Burundi ya 1996 inanijia kichwani. Vikwazo vya kumtaja mtu na kiwanda vina matundu, na dhahabu ni bidhaa inayoingia mfukoni, lakini angalau vinamtafuta mwenye deni. Kufunga barabara kunamtafuta anayenunua saruji ya kujengea choo.

Kama ikifika siku serikali yetu ikaona hakuna njia nyingine, ningetaka itamke hesabu mapema. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu aliwaambia wananchi wakaze mikanda miezi 18. Muda ulikosewa vibaya, foleni za sukari na sabuni ziliendelea miaka, lakini angalau watu waliambiwa kwamba kuna bili na ni yao. Safari hii nitataka tangazo liseme bandari itapoteza mapato kiasi gani, madereva na vibarua watafidiwaje, dawa na mbolea zisamehewe tangu siku ya kwanza, na tarehe ya kukaa kuangalia kama aliyekusudiwa ameumia.